Kama nishati haipotei, mkaa wangu unakwenda wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninapika wali na maharage kwa kuuza hapa Morogoro, na kila siku sufuria moja ya maharage inakula kilo moja na nusu ya mkaa. Mwanangu wa kidato cha pili amenisomea kwenye daftari lake kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika umbo tu. Kama haipotei, mbona mkaa wangu unaisha, na mbona tunahimizwa kubana matumizi ya umeme? Tena yupo fundi anayetaka kuniuzia mashine ya umeme isiyotumia mafuta: mota inazungusha dainamo, dainamo inairudishia mota umeme, na ziada inabaki kwa matumizi ya nyumbani. Anasema ni kanuni hiyohiyo ya shuleni. Je, nimpe fedha?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye fedha ndani yake: usimpe. Sababu nitaieleza, lakini haitaeleweka vizuri kabla hatujaifuatilia ile kilo moja na nusu ya mkaa tangu unapoiwasha hadi unapozoa majivu.

Alichokusomea mwanao ni sahihi, ila daftari limeishia katikati ya habari. Kanuni inasema kwamba ukijumlisha nishati yote, katika kila umbo ililochukua na kila mahali ilipokwenda, jumla ya kabla na jumla ya baada ni ileile. Haisemi kwamba nishati itabaki pale ulipoiweka, wala haisemi kwamba utaweza kuitumia tena. Lugha nayo inachangia kutuchanganya, kwa sababu neno "kuhifadhi" tunalitwisha mizigo miwili: mwalimu wa fizikia anaposema kwamba nishati huhifadhika, ana maana kwamba hesabu yake haipungui, na anayetuhimiza kwenye redio tuhifadhi nishati, ana maana kwamba tusiitawanye ovyo ile ambayo bado iko katika hali ya kufaa kazi. La kwanza hutokea lenyewe, upende usipende. La pili lina jasho.

Twende jikoni. Nishati hupimwa kwa jouli, na jouli 1,000 ni kilojouli moja; uniti moja ya umeme unayonunua kwa LUKU ni kilojouli 3,600. Kilo moja ya mkaa mkavu hubeba takriban kilojouli 29,000, kwa hiyo kilo yako moja na nusu ina kilojouli 43,500 hivi, ambazo ni sawa na uniti 12 za umeme. Nishati hiyo imetulia ndani ya mkaa katika umbo la kikemia, na hufunguliwa pale kaboni ya mkaa inapoungana na oksijeni ya hewa. Majivu unayoyazoa ni madini yasiyoungua. Usiitafute nishati humo.

Hukunitajia vipimo vya sufuria yako, kwa hiyo nitachukulia kilo mbili za maharage na lita sita za maji, pamoja na lita tatu nyingine unazoongeza kidogo kidogo kila yanapokaukia. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji kilojouli 4.2, na kutoka maji ya mtungi hadi kuchemka ni kama nyuzi 75, kwa hiyo kila lita inadai kilojouli 315. Lita sita na maharage yake zinadai kama kilojouli 2,200 tu. Laiti joto lote la mkaa lingeingia sufuriani, gramu 76 zingetosha kuchemsha, yaani kipande kimoja au viwili unavyoweza kuvifumbata kiganjani.

Basi nyingine zimekwenda wapi? Lita tatu ulizoongeza zilidai kilojouli 945 ili nazo zichemke. Lakini kwa nini uliziongeza? Kwa sababu lita tatu za mwanzo zilikwisha kuwa mvuke, na hapo ndipo penye bei ambayo wapishi wengi hawaijui: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula kilojouli 2,260, zaidi ya mara saba ya zile zilizoyafikisha kwenye kuchemka. Lita tatu za mvuke ziliondoka na kilojouli 6,780. Ukijumlisha yote matatu unapata kama 9,900, yaani chini kidogo ya robo ya nishati ya mkaa wako, na hicho ndicho kiasi ambacho jiko la bati la kawaida hukifikisha sufuriani. Robo tatu nyingine haikuyagusa maharage kabisa. Ilipita pembeni mwa sufuria pamoja na hewa ya moto, ikapenya ubavuni mwa jiko na kukuchoma miguu, ikazama sakafuni, ikapanda bati la paa.

Haikupotea, mama, bali ilitawanyika. Na hili la kutawanyika ndilo lililobaki nje ya daftari la mwanao. Chukua darasa la kawaida lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Kilojouli zako 43,500 zingeweza kupandisha joto la hewa ya madarasa 250 ya namna hiyo kwa nyuzi moja. Joto lote lingekuwepo humo, kilojouli kwa kilojouli, lakini hakuna mtu awezaye kukaanga hata yai moja kwa hewa ya madarasa 250 iliyozidi uvuguvugu kwa nyuzi moja. Ni kama pishi ya chumvi iliyomwagwa Ziwa Tanganyika: yote imo ziwani, lakini nani ataitia mchuzini? Joto husafiri lenyewe kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, kamwe si kinyume chake. Na kila linaposafiri hivyo bila kufanyishwa kazi, nafasi ya kulifanyisha kazi hupungua. Tunaponunua mkaa, petroli au umeme, kwa kweli hatununui nishati kwa maana ya ile hesabu isiyobadilika. Tunanunua nishati iliyokusanyika.

Kutokana na hesabu hiyo, machache ya jikoni yanajitokeza yenyewe. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuivishi maharage upesi zaidi, kwa sababu maji yanayochemka katika sufuria ya kawaida hayazidi joto lake la kuchemka hata ukiyachochea vipi. Moto wa ziada hununua mvuke tu. Kwa hiyo ziba mlango wa hewa wa jiko, acha yatokote taratibu, na ufunike. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa kupika, na muda ndio unaokula mkaa. Jiko lenye utumbo wa udongo hupitisha joto kidogo zaidi ubavuni kuliko la bati tupu, na tofauti yake utaiona kwenye gunia kabla ya mwezi kwisha. Ukitaka kwenda mbali zaidi, yaache maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika kumi na tano hivi, kisha ipua sufuria ikiwa na mfuniko wake na uifukie ndani ya kapu lililosindiliwa blanketi kuukuu au pamba. Yataendelea kuiva kwa joto ulilokwisha kulilipia. Zile dakika za kuchemka kwa nguvu usizikate, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili isiyovunjika kwa uvuguvugu, na utakuwa umeokoa mkaa ukaumiza wateja.

(Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya jamaa walioko nyanda za juu. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: Morogoro mjini ni kama nyuzi 98, ilhali Njombe, kwenye kimo cha karibu mita 2,000, ni kama nyuzi 93. Ndiyo maana maharage ya huko huchelewa kuiva ingawa sufuria inachemka kwa kelele zilezile.)

Sasa tumwendee fundi wako, na njia ya kufika kwake ipite mlima Kitonga, kule Iringa. Lori la tani 30 linaposhuka mita 300 za kimo, nishati ambayo lilikuwa nayo kwa sababu ya kuwa juu lazima iende mahali, na ukipiga hesabu ni kilojouli 88,000 hivi. Dereva asiyetaka lori likimbie hana budi kuigeuza nishati hiyo kuwa joto, na akitegemea breki peke yake, ni sawa na kuunguza kilo tatu za mkaa ndani ya breki za lori lake. Ukisikia harufu ya breki barabarani, hiyo ndiyo kanuni ya nishati inavyonuka. Dereva mzoefu huingiza gia ndogo tangu juu, ili sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia lori ifanywe na injini, na joto litoke kwa bomba la moshi na rejeta, badala ya kurundikana kwenye breki mpaka zishindwe kushika.

Kwamba mwendo na joto ni nishati ileile katika maumbo mawili, watu walichelewa sana kulikubali. Aliyelipima kwa subira kuliko wote ni James Joule, mtoto wa familia ya wapika bia karibu na Manchester, Uingereza, ambaye katika miaka ya 1840 alifunga mizigo kwa kamba, akaiacha ishuke taratibu huku ikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akasoma kipimajoto. Kwa vipimo vyetu vya leo, alichokipata ni kwamba maji yakianguka mita 427 na kutulia bila kupoteza joto, huwa yamepanda nyuzi moja tu. Maporomoko ya Kalambo, kwenye mpaka wetu na Zambia, yana zaidi ya mita 200, na ngurumo yote ile haipashi maji yake joto zaidi ya takriban nusu nyuzi.

Nimekutajia namba hiyo kwa sababu inageuza hisia zetu. Sisi huona kuchemsha chai ni jambo dogo na kubeba mzigo ni jambo kubwa. Lakini kilojouli 315 za kuchemsha lita moja ya maji ni sawa na kupandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 mpaka kimo cha mita 640. Yaani utoke nao mjini, upande Uluguru ukiwa umeujitwika kichwani, na ukifika huko uwe umelipia birika moja dogo. Wala usijisifu kwamba mwili wako ungeimudu kazi hiyo kwa wepesi, kwa maana mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku huwaka kwa wastani wa wati 97, kama balbu moja ya zamani ya wati 100, na sehemu kubwa ya hizo ni joto la kuuweka mwili hai.

Mashine ya fundi, basi. Tuseme mota yake ni nzuri na dainamo yake ni nzuri, na kila moja inapitisha asilimia 85 ya nishati inayopokea, jambo ambalo kwa mashine ndogo si la kudharau. Ukiipa mota jouli 1,000 za umeme, dainamo itapokea mzunguko wa jouli 850, na itatoa umeme wa jouli 722. Rudisha hizo kwenye mota, na mzunguko wa pili utatoa 522. Baada ya mizunguko mitano huna hata jouli 200. Zilizopungua hazikufutika: weka mkono juu ya beringi, mkanda na waya za mota, utazikuta hapo zikiwa za moto. Angefunga gurudumu zito la kusaidia kasi, lingezunguka dakika kadhaa zaidi, kwa sababu gurudumu hilo ni ghala la nishati aliyoitia mwanzoni, na ghala halizai. Ili mashine ijizungushe tu bila kukupa chochote, ingehitaji kupitisha asilimia 100 kamili, pasipo msuguano wowote na pasipo waya hata mmoja kupata joto. Ili ikupe na ziada, ingepaswa kuiumba nishati, na hapo ndipo anapoivunja kanuni ileile anayoitaja kama shahidi wake.

Huyu si wa kwanza. Ndoto hiyo ina karne nyingi, na mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kilichoka na wavumbuzi wa mashine zinazojiendesha milele hata kikaamua kwamba hakitachunguza tena hata moja. Nadhani walifanya busara, ingawa ninakubali kwamba anayeonyeshwa taa inayowaka hawezi kutulizwa na uamuzi wa Wafaransa wa zamani zile. Kwa hiyo, akikualika kwenye maonyesho, omba jambo moja. Mashine iwekwe juu ya meza tupu, waya zote zionekane, betri yoyote iliyomo itolewe, na iwashe jiko la umeme la wati 1,000 kwa saa tatu mfululizo. Hizo ni uniti tatu. Betri ya gari ya kawaida, ya volti 12 na ampea-saa 60, haibebi hata uniti moja, kwa hiyo hata kama ameificha mahali, haitafika mwisho wa saa ya kwanza. Sijapata kusikia fundi wa mashine hizi aliyekubali saa tatu.

Unaweza kuniuliza: mbona bwawa la Kidatu, hapo kwenu mkoani, linatoa umeme tangu mwaka 1975 na halimiminiwi mafuta? Linalishwa na Jua. Jua huvukiza maji ya bahari na nchi kavu, mvuke hupanda, mvua hunyesha nyanda za juu, na mto Ruaha Mkuu hurudisha maji hayo chini. Kituo cha Kidatu hukamata sehemu tu ya safari hiyo ya kushuka, takriban mita 175 za kimo, kwa mitambo minne yenye jumla ya megawati 204. Kila mita ya ujazo ya maji ikishuka hapo hutoa kama kilojouli 1,700, na mitambo ikifanya kazi vizuri hugeuza karibu tisa ya kumi ya hizo kuwa umeme. Kwa hesabu hiyo uniti moja yahitaji kama lita 2,300 za maji. Birika la umeme linalochemsha lita moja ya chai hutumia takriban uniti 0.1, kwa hiyo nyuma ya chai hiyo kuna ndoo 11 au 12 za lita 20 zilizoporomoka mita 175, bila kuhesabu joto linalobaki kwenye nyaya za kusafirishia umeme. Mvua ikikosekana nyanda za juu, ndoo hizo hazipo, na hakuna kanuni ya fizikia itakayozileta. Hapo ndipo unapohimizwa kubana matumizi.

Mkaa nao ni Jua, ila la miaka iliyopita. Mti ulikamata mwanga, ukajenga mbao. Kisha mchoma mkaa akaifukia ile miti katika tanuri la udongo, ambamo kilo kumi za kuni hutoa kilo moja na nusu au mbili za mkaa. Kuni hizo zilikuwa na kilojouli 160,000 hivi, na mkaa unaotoka hauna hata 60,000. Ukiunganisha hasara hiyo na ile robo tatu inayopita pembeni mwa sufuria, utaona kwamba katika kila jouli kumi alizozikusanya mti, sufuriani hufika chini ya moja.

Najua mwanao atauliza swali la mwisho, kwa kuwa wanafunzi wangu wote waliliuliza: ikiwa joto lote hili la majiko, breki, balbu na miili yetu halipotei, mbona dunia haijachemka? Jibu ni kwamba dunia nayo hutoa. Usiku na mchana ardhi na hewa hutuma angani mionzi ya joto ambayo jicho halioni, karibu kwa kiasi kilekile ambacho dunia hupokea kutoka kwa Jua. Na usiku usio na mawingu ya kuizuia, huondoka kwa wingi mpaka wakulima wa Makete huamka na kukuta sakitu juu ya majani ya viazi. Joto la maharage yako ya leo litafuata njia hiyo pia, likiwa limechanganyika na mengine yote, na mionzi yake ikishavuka anga huumaliza umbali wa kutoka hapa hadi mwezini kwa sekunde 1.3 hivi, kabla hujapata kufunika sufuria.